Nyumba Wakati wa Dharura: Kuitunza Stima, Gesi na Maji

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano mkuu wa mwaka, kwa niaba ya kamati ya nyumba na afya



Kamati imetutuma tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni namna ya kuitunza stima, gesi na maji katika nyumba zetu wakati shida inapozuka ghafula. Ni jambo la jikoni na la ukutani, wala si la siasa. Hata hivyo ni jambo la uhai na mauti.

Wazee wa mitaa hii ya mashariki ya Nairobi wasikiapo maneno "hali ya hatari" hukumbuka, au hukumbuka walivyosimuliwa na wazazi wao, ile hali iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na ule msako mkubwa wa Aprili 1954, watu walipotolewa majumbani mtaa kwa mtaa. Leo hatusemi juu ya hiyo. Twasema juu ya dharura isiyotangazwa na serikali yo yote: mvua inayoingia mlangoni usiku, giza linaloanguka mji mzima, harufu ya gesi ngazini, moto kwa jirani. Hiyo haileti barua wala haipigi hodi.

Zamani nyumba ya mfanya kazi katika mitaa yetu ilikuwa na vitu vichache. Wengi waliteka maji katika bomba la wote, wakapika kwa makaa au kwa mafuta ya taa, na watoto wakasoma kwa mwanga wa taa. Siku hizi chumba kimoja cha kupanga chaweza kuwa na stima ya volti 240, mtungi wa gesi wa kilo 6 au wa kilo 13, na maji ya mfereji au ya tangi, vyote katika nafasi ambayo mtu huivuka kwa hatua nne. Faida yake ni kubwa, wala hatumwombi mtu arudi kwenye taa ya kibatari. Lakini kila kimoja cha vitu hivyo kina mlango wake wa kufungia, na mtu asiyejua mlango huo ulipo ni mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Yaliyotokea karibu nasi

Hatuna haja ya kutafuta mifano katika nchi za mbali. Tarehe 12 Septemba 2011, asubuhi, petroli ilivuja kutoka katika bomba kubwa karibu na Lunga Lunga, ikaingia mferejini na kupita katikati ya kijiji cha Sinai. Moto ukawaka. Watu wapatao 100 walikufa, na wengine wengi wakalazwa hospitalini kwa majeraha ya moto. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Mradi, Embakasi, lori lililokuwa na gesi lililipuka. Moto ukaenea hadi kwenye ghala la nguo na majumba ya watu waliokuwa wamelala. Waliojeruhiwa walizidi 270, na wako waliopoteza maisha. Mamlaka ya serikali inayosimamia nishati ilieleza baadaye kwamba maombi ya kuweka kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mara tatu katika mwaka 2023, hasa kwa sababu watu wanakaa hapo kwa msongamano.

Katika miezi ya Machi, Aprili na Mei 2024 mvua ilileta mafuriko makubwa. Mto Mathare na Mto Ngong ilitoka katika kingo zake, nyumba zikajaa maji, na katika Kenya nzima watu zaidi ya 200 wakafa. Tena katika mwaka 2023 stima ilizimika karibu nchi nzima, kama vile tarehe 25 Agosti, tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba. Mahali pengine giza lilidumu kwa saa nyingi.

Watu husema ajali haina kinga. Sisi twaona neno hilo ni nusu ya kweli. Mwenye nyumba hawezi kulizuia lori wala mvua. Lakini moto wa lori ukifika, ni tofauti kubwa kama mtungi wake umefungwa au uko wazi. Na maji yakiingia, ni tofauti kubwa kama stima imezimwa au inatembea ukutani. Hapo ndipo kinga yetu ilipo, nayo yapasa iandaliwe siku ya amani.

Stima

Kila nyumba ina swichi kuu. Yatupasa kila mmoja wetu aijue ilipo na aweze kuifikia gizani kwa kupapasa. Mita ya tokeni si swichi. Tokeni zikiisha taa huzimika, lakini hiyo siyo kinga ya mtu anayetaka kugusa nyaya.

Giza likianguka, jambo la kwanza si kutafuta mshumaa. La kwanza ni kuzima pasi, hita na jiko la stima, na kuchomoa televisheni na friji. Pasi iliyoachwa juu ya nguo stima ilipokatika hukaa kimya kama kitu kilichokufa; stima ikirudi usiku wa manane, au mchana watu wakiwa kazini, huamka na kuunguza nyumba. Tena stima inaporudi mara nyingi huja kwa nguvu isiyo sawa, nayo huharibu vyombo. Acha taa moja tu iwe wazi ili ikujulishe kwamba stima imerudi.

Mvua ikizidi na maji yakaonekana yatafika ndani, zima swichi kuu mapema, wakati miguu yako ingali mikavu. Maji yakiwa yameingia tayari, na njia ya kuifikia swichi ni ndani ya maji, usiende. Watoe watu, kaa mbali, ukapige simu kwa shirika la stima, namba 97771. Vitu vya nyumbani hununuliwa tena. Maji yakishuka, usiwashe cho chote mpaka fundi aliyeidhinishwa amepima nyaya, kwa maana tope lililo ndani ya soketi halionekani kwa nje. Na waya wa barabarani ukianguka, hata kama hautoi cheche, uhesabu kuwa u hai. Wazuie watoto, na mtu ye yote asiukaribie kwa mita 10.

Gesi

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Jambo hili moja, mtu akilishika vema, litamfundisha mengine yote. Moshi hupanda, gesi hushuka. Gesi ikivuja hutambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, huingia chini ya kitanda, hupita chini ya mlango, hushuka ngazi, hukaa mferejini ikingoja cheche. Kwa asili haina harufu. Harufu mbaya tunayoisikia imetiwa makusudi na watengenezaji ili itupe onyo. Basi anayesikia harufu ile na kusema "labda ni takataka" amelikataa onyo alilonunuliwa.

Ukisikia harufu ya gesi, funga kwanza mtungi, ukizungusha kifungo kufuata mwendo wa saa. Zima moto wo wote ulio wazi. Fungua milango na madirisha. Usiwashe taa, wala usiizime iliyowaka, kwa kuwa swichi hutoa cheche ndogo katika njia zote mbili. Usipige simu ukiwa ndani. Toka na watu wote, kisha uwaonye majirani. Katika majumba ya ghorofa, kama yale yaliyojaa Umoja, Kayole na Pipeline, wako watu ambao huwaonya walio sawa nao tu na kuwasahau wa chini. Anza na wa chini, kwa sababu ndiko gesi inakokwenda.

Mtungi hukaa wima siku zote, haulazwi. Ukilazwa, gesi iliyo katika hali ya majimaji huweza kutoka, na kiasi kidogo cha majimaji hayo huwa wingu kubwa sana. Kila ufungapo mtungi mpya, paka povu la sabuni pale kwenye kiungo; mapovu yakikua, pana uvujaji. Usipime kwa kiberiti hata siku moja. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na uukatae mtungi uliojazwa kichochoroni hata kama bei yake ni nafuu. Mafuriko yakija, funga mtungi, ondoa regyuleta, uuweke juu na kuufunga kwa kamba, kwa maana mtungi huelea na kugonga.

Mafuta yakiwaka katika sufuria, usimwage maji juu yake. Maji huyarusha mafuta yaliyowaka mpaka usoni pa mpishi. Zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko, uiache ipoe. Moto ukiwa mkubwa kuliko sufuria, toka, funga mlango, uite msaada kwa namba 999 au 112.

Makaa

Twalitaja jiko la makaa kwa sababu stima na gesi zikikosekana watu wengi hulirudia. Katika baridi ya Juni na Julai, au usiku wa mvua, mtu huliingiza chumbani, akafunga dirisha, akalala. Makaa yanayoiva hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa safi, na mtu aliyelala hasikii maumivu ya kumwamsha. Asubuhi majirani huvunja mlango. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu, yasiyotoa moshi, yangali yakitoa sumu hiyo. Jenereta hali kadhalika. Mahali pa vyombo hivi ni nje, mbali na dirisha. Mwenye baridi na aongeze blanketi, au alale karibu na nduguye.

Maji

Nairobi imezoea mgao wa maji tangu miaka mingi, nasi tumezoea kufungua mfereji, tukauona mkavu, tukauacha wazi na kwenda zetu. Maji hurudi usiku. Hujaza sinki, humwagika sakafuni, huikuta ekstensheni ya stima imelala chini ya meza. Hapo mambo mawili yasiyodhuru kila moja peke yake hukutana na kumngoja mtoto anayeamka kwenda msalani. Basi funga mfereji hata kama ni mkavu, na ekstensheni zote ziinuliwe kutoka chini.

Maji ya akiba ni kinga nyingine. Wanaosaidia watu wa maafa ulimwenguni huhesabu lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku kuwa kiasi cha chini cha kunywa, kupika na kujisafi. Nyumba ya watu 5 basi yahitaji lita 75, yaani karibu jerikeni 4 za lita 20 kwa siku moja. Jerikeni ziwe na vifuniko, na maji yabadilishwe mara kwa mara.

Wakati wa mafuriko maji ya mfereji hayaaminiki hata kama yanang'aa. Nguvu ya maji ikipungua ndani ya mabomba, uchafu wa nje huweza kuvutwa kupitia nyufa, na mitaa yetu ina mahali pengi ambapo bomba la maji safi na la maji taka hupita karibu karibu. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, uyafunike, uyaache yapoe. Asiye na moto atumie dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wala asizidishe kwa kudhani kuwa dawa nyingi ni usalama mwingi.

Nani afunge?

Wazee wetu, mpaka hapa tumesema mambo ambayo mtu mmoja mmoja aweza kuyatenda chumbani mwake. Lakini wengi wetu hatukai katika nyumba ya peke yetu. Twakaa katika ploti, vyumba 10 au 40 chini ya paa moja au ngazi moja. Mita zimefungiwa katika kasha la chuma, na ufunguo uko kwa keateka. Keateka naye pengine anasimamia majumba matatu na kulala mtaa mwingine. Valvu ya tangi la maji iko juu ya paa, na mlango wa paa una kufuli. Moto ukitokea saa nane ya usiku, watu 100 hutazama kasha lililofungwa, kila mmoja akimngoja mwenziwe. Watu wa pwani husema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi twaona kwamba chombo kisicho na nahodha hata mmoja huenda mrama zaidi.

Tena tukumbuke ni nani aliye nyumbani. Mchana, baba yuko kazini Industrial Area na mama pengine yuko sokoni Gikomba. Aliyebaki ni bibi mzee, msichana wa kazi, au mtoto aliyetoka shuleni. Ikiwa mafunzo haya yatakaa kwa baba peke yake, yatakuwa kazini pamoja naye wakati nyumba inaungua. Mtoto wa miaka 10 aweza kuonyeshwa kifungo cha mtungi na namba ya simu. Msichana wa kazi ana haki ya kuonyeshwa siku ya kwanza anapoingia nyumbani, kabla hajaonyeshwa vyombo vya kuosha.

Kwa hiyo kamati yaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo manne.

Kwanza, kila ploti yenye wanachama wetu ichague watu wawili, mmoja wao awe mtu ashindaye nyumbani mchana, na majina yao yajulikane na wapangaji wote. Kazi yao ni kufunga stima, gesi iliyo ya pamoja, na maji, na kuhesabu watu wakitoka.

Pili, ufunguo wa pili wa kasha la mita na wa mlango wa paa ukae ndani ya jengo lile lile. Twajua wenye majumba wengi watasita. Wao huogopa kwamba mpangaji aliyekatiwa stima kwa ajili ya kodi atajifungulia mwenyewe, au kwamba nyaya zitaibiwa. Hofu hiyo ina msingi, nasi hatuidharau. Twapendekeza ufunguo uwekwe katika bahasha iliyotiwa sahihi ya mwenye nyumba na ya mzee mmoja wa ploti, na bahasha ikifunguliwa bila dharura, mzee huyo ajibu mbele ya Chama. Neno la mzee limelinda mambo makubwa kuliko ufunguo.

Tatu, ukurasa mmoja ubandikwe katika kila mlango wa ngazi, wenye mchoro wa mahali pa swichi na valvu, na namba za msaada: 999, 112, 97771 ya stima, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Nne, wajumbe wa kamati wazunguke mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na kabla ya mvua za Oktoba, wakague mipira ya gesi iliyopasuka, nyaya zilizo wazi, na ngazi zilizojaa mizigo. Ngazi ni njia ya watu, wala si ghala ya magodoro.

Mwanachama aweza kuuliza, fedha zitatoka wapi? Karatasi, bahasha na miguu ya wajumbe havigharimu sana. Lakini tuangalie pia upande wa pili wa kitabu. Vyama kama hiki vyetu tangu zamani vimekuwa vya kuzikana. Twachanga kwa jeneza, kwa gari la kwenda nyumbani, kwa matanga. Hatusemi mchango huo upunguzwe, kwa kuwa kumzika ndugu kwa heshima ni wajibu. Twasema tu kwamba sehemu ndogo ya ukarimu huo iende mbele ya kifo, isingoje nyuma yake. Mtu aliyechangiwa akiwa hai hurudi mkutanoni mwaka ufuatao na kulipa ada yake.

Hatuombi kura ya makofi. Twaomba kila mwanachama leo jioni, kabla hajala, awakusanye watu wa nyumbani mwake na kuwaonyesha swichi kuu, kifungo cha mtungi na mfereji, kila mmoja aviguse kwa mkono wake. Asiyeweza kuifikia swichi kwa sababu ya kufuli, aandike jina la ploti yake na kulileta kwa katibu wiki hii. Kwa orodha hiyo tutajua pa kuanzia.

Tahadhari kabla ya hatari.